Taa za usiku na giza la mmea: kwa nini mazao mengine hukataa kutoa maua

Shamba limepandwa siku moja, mbegu ni ile ile, mbolea na maji ni vile vile. Lakini upande mmoja umeshatoa maua, na upande wa pili, ule ulio karibu na nyumba, bado ni majani matupu. Wengi hulaumu mbegu au udongo. Mara nyingi hawainui macho juu kuona kilichopo: taa inayowaka usiku kucha.

Taa za sola zimefika vijijini, na taa za ulinzi zimesimama kwenye maduka, shule, zahanati na mabanda ya kuku. Hilo ni jambo jema. Ila ipo mimea ambayo haiwezi kutoa maua bila kupata usiku mrefu wenye giza la kweli. Katika makala hii tunaeleza mimea hiyo ni ipi, inajuaje kwamba usiku umefika, mwanga huvujaje hadi kuifikia, na mkulima afanye nini bila kujinyima taa anayoihitaji.

Kwa ufupi

- Mimea mingi huhesabu urefu wa giza, si urefu wa mchana.
- Mwanga mdogo katikati ya usiku unaweza kuharibu hesabu hiyo.
- Miongoni mwa mimea inayoathirika ni soya, mbaazi za asili na maua ya krisanthemamu.
- Mwanga mwekundu si salama kwa mimea hii. Ndio unaoisumbua zaidi.
- Mwanga wa mbalamwezi hauna shida.
- Dawa ya kwanza ni kugeuza taa na kuikinga, si lazima kuizima.

Mmea hujuaje kwamba ni usiku?

Jambo hili lilianza kueleweka zaidi ya miaka 100 iliyopita nchini Marekani. Watafiti wawili wa wizara ya kilimo, W. W. Garner na H. A. Allard, walikuwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Wakati wa kiangazi, siku zikiwa ndefu, tumbaku hiyo ilirefuka kupita kimo cha mtu bila kutoa ua hata moja. Ilipowekwa ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi, siku zikiwa fupi, ilichanua. Walikuwa pia na soya aina ya Biloxi. Waliipanda kwa tarehe tofauti, lakini yote ilitoa maua karibu wakati mmoja, kana kwamba ilikuwa inasoma kalenda.

Walijaribu joto, maji na rutuba, wakaona si hayo. Ndipo wakaitia mimea kwenye banda la giza kwa sehemu ya siku ili kuufupisha mchana, na mimea ikachanua katikati ya kiangazi. Mwaka 1920 walichapisha matokeo yao: mimea hupima urefu wa siku.

Mwaka 1938 watafiti wengine wawili, Karl Hamner na James Bonner, waligundua kwamba kinachopimwa hasa ni giza. Walitumia gugu liitwalo Xanthium, lile ambalo mbegu zake zina miiba inayonasa kwenye nguo na manyoya ya mifugo. Walipoukatiza mchana kwa giza la muda mfupi, mmea haukujali. Walipoukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi, mmea haukutoa maua. Kwa mmea huo, usiku uliokatizwa ni kama usiku mfupi mara mbili.

Kinachopokea mwanga ni jani. Ndani ya majani kuna protini iitwayo fitokromu, na unaweza kuifikiria kama swichi. Mwanga wenye rangi nyekundu ndani yake, na huo unapatikana kwenye jua na kwenye balbu nyingi, huisukuma swichi upande wa mchana. Giza likiingia, swichi hurudi polepole upande wa usiku. Giza likidumu saa za kutosha, jani hutuma ujumbe kwenye ncha ya shina: acha kutoa majani, anza kutoa maua. Taa ikimulika katikati, swichi hurudishwa upande wa mchana na hesabu huharibika.

Ndiyo maana kumulika kidogo kunaweza kuleta hasara kubwa. Mwanga huo haulishi mmea, ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Unachofanya ni kuudanganya kwamba bado ni mchana.

Mimea ipi inaathirika, na ipi haijali?

Kuna makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mimea ya usiku mrefu, ambayo wataalamu huiita mimea ya siku fupi. Humo wamo soya, mbaazi za asili, aina nyingi za mtama na mpunga wa zamani, krisanthemamu, na lile ua jekundu la Krismasi linaloitwa poinsetia. Hawa ndio wanaohitaji kulindiwa giza lao.

Kundi la pili ni mimea inayotaka usiku mfupi. Huko Vietnam, wakulima wa tunda la dragoni huwasha taa mashambani usiku ili mimea ichanue nje ya msimu. Kwa mmea huo taa ni faida.

Kundi la tatu ni mimea isiyojali sana, kama nyanya na matango. Kwa hiyo kama kuna bustani iliyo lazima iwe chini ya taa, panda nyanya hapo, si soya.

Zingatia pia kwamba mbegu zinatofautiana. Mbaazi za asili zinazokaa shambani miezi mingi, kama zile zinazolimwa Lindi, Mtwara na Manyara kule Tanzania, au Machakos, Makueni na Kitui kule Kenya, husikia sana urefu wa usiku. Mbegu za muda mfupi zilizoboreshwa nyingi husikia kidogo.

Wengine watauliza: sisi tuko karibu na ikweta, siku zetu si zinalingana mwaka mzima? Nairobi tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni dakika chache tu. Lakini ukishuka hadi Songea, kusini mwa Tanzania, ambako soya inalimwa sana, mchana wa Desemba unaupita mchana wa Juni kwa zaidi ya saa moja. Mimea iliyozoea maeneo yetu imejifunza kuzisoma tofauti hizo ndogo. Taa inayowaka usiku kucha ni tofauti kubwa kuliko zote walizowahi kukutana nazo.

Krisanthemamu: zao linaloonyesha jambo hili waziwazi

Hakuna zao linaloeleza habari hii vizuri kuliko krisanthemamu, maua ya kukata yanayouzwa kwa ajili ya harusi, misiba na kupeleka nje. Kwa wanaoyalima, giza ni pembejeo kama mbolea.

Krisanthemamu inahitaji usiku wenye giza la takriban saa 10 na nusu au zaidi ili vitumba vyake vikue vizuri. Hapa kwetu kila usiku wa mwaka unatosha. Hilo linaleta tatizo lake: mche mdogo ukipandwa bila taa, huanza kutengeneza maua mapema ukiwa mfupi, na ua lenye shina fupi halina soko.

Kwa hiyo mkulima huanza kwa kuudanganya mmea kwa makusudi. Katika wiki za mwanzo huwasha taa katikati ya usiku, kwa mfano kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, ili mmea udhani usiku ni mfupi na uendelee kurefuka. Shina likifikia kimo anachotaka, huzima taa. Kuanzia siku hiyo, kutegemea aina, maua huwa tayari baada ya wiki 7 hadi 10 hivi. Mashamba ya Uganda yanayokuza vipandikizi vya krisanthemamu kwa ajili ya Ulaya hutumia ujanja huo huo kwenye mimea mama: huimulika ili isitoe maua kamwe, iendelee kutoa machipukizi ya kukata. Japani, wakulima wa mkoa wa Aichi huchelewesha maua kwa taa ili wayauze wakati bei ni nzuri.

Sasa tazama hatari ilipo. Shambani kuna matuta ya miche michanga yanayohitaji taa, na hatua chache kutoka hapo kuna matuta yaliyokwisha kuzimiwa taa ambayo yanahitaji giza. Mwanga wa upande wa kwanza ukivuja hadi upande wa pili, maua huchelewa. Mbaya zaidi, hayachelewi kwa usawa: mstari wa pembeni huchelewa kuliko wa katikati. Vitumba vingine huanza kisha husimama, na chini yake hutokea majani membamba kama utepe. Mnunuzi alitaka maua Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Ua likichanua wiki mbili baadaye, ni chakula cha mbuzi.

Piga hesabu ya giza lako

Chukua saa ya kawaida. Tuseme jua limezama na giza limeingia saa 12 na nusu jioni, na kunapambazuka saa 12 asubuhi. Hapo una giza la saa 11 na nusu. Krisanthemamu inataka saa 10 na nusu. Akiba uliyo nayo ni saa moja tu.

Taa ya jirani ikizimwa saa 1 na nusu usiku, bado uko salama, ingawa pembeni kabisa. Ikizimwa saa 3 usiku, giza lililobaki ni saa 9, na halitoshi. Ikiwashwa kwa muda saa 6 usiku na kuzimwa, usiku wako umekatwa vipande viwili, na hakuna kipande kinachofika hata saa 6. Ndiyo maana mwanga wa katikati ya usiku ni mbaya kuliko ule wa magharibi, hata kama ni wa muda mfupi.

Mwanga unavujia wapi?

Mara nyingi chanzo si kimoja. Vile tunavyoshauri kuvichunguza kwanza ni hivi:

- Taa ya ulinzi ya nyumba, duka au zahanati iliyoelekezwa mbali badala ya chini.
- Taa za mlingoti mrefu, zile ambazo mijini huitwa mulika mwizi.
- Banda la kuku wa mayai linalowashwa taa jioni ili kuku watage zaidi, na banda la vifaranga lenye balbu nyekundu ya joto.
- Kitalu nyumba cha jirani chenye taa.
- Matundu ya plastiki, mishono ya turubai, sehemu turubai lisipogusa ardhi, na mlango usiofunga vizuri.
- Vitaa vidogo vya mashine ndani ya kitalu: pampu, chaja, kidhibiti cha sola.
- Tochi za simu za watu wanaoingia kumwagilia au kulinda usiku.
- Magari na pikipiki zinazokata kona kando ya shamba.

Gari linalopita mara moja si jambo la kukukosesha usingizi. Taa inayorudi mahali pale pale kila usiku ndiyo inayoharibu.

Mwanga kiasi gani ni mwingi?

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa luksi. Jua la mchana mweupe hufika luksi 100,000. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata luksi 1, na mimea imeishi nayo tangu dunia ianze. Chini ya taa ya barabarani unaweza kupata luksi 10 au zaidi, na huo unatosha kuleta shida kwa mimea inayosikia sana.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa. Simama usiku kati ya mimea yako, taa zote za kawaida zikiwa zimewaka. Kama unaweza kusoma maandishi ya gazeti, mwanga huo ni mwingi mno kwa maua yako. Programu za simu za kupimia luksi zinaweza kukuonyesha upande upi una mwanga zaidi, lakini zisitegemewe kwa vipimo vidogo.

Umbali nao unasaidia sana. Ukienda mbali mara mbili kutoka kwenye taa, mwanga hupungua hadi robo. Tuta lililo mita 5 kutoka kwenye balbu likihamishiwa mita 10, linapata robo tu ya mwanga lilioupata mwanzo.

Jinsi ya kutafuta matundu

Kwa kitalu nyumba au banda lililofunikwa, fanya ukaguzi mara mbili.

Kwanza mchana. Ingia ndani jua likiwa kali, funga kila kitu, kisha kaa dakika 10 bila kuwasha simu ili macho yazoee. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki au kipande cha uzi, maana ukitoka nje hutaliona tena.

Pili usiku. Mwambie jirani au mwenzako awashe taa zote zinazowaka kwa kawaida, wewe ukiwa ndani. Inama hadi usawa wa majani, kwa sababu jani ndilo linaloona, si macho yako yaliyo juu. Tazama kila upande. Ukiiona balbu yenyewe kutoka usawa wa jani, basi jani nalo linaiona balbu.

Jinsi ya kuziba

Kutenga matuta ya taa na matuta ya giza, tundika pazia la plastiki nyeusi nzito kati yake, kutoka juu hadi ardhini. Plastiki nyembamba ya kawaida hupitisha mwanga: inue kuelekea jua, na kama unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili, haifai. Palipo na jua kali, plastiki yenye upande mweupe na upande mweusi ni bora. Mweupe hutazama nje kurudisha joto, mweusi hutazama ndani.

Pazia lipite ardhi kwa angalau nusu ya urefu wa mkono, na ukingo ukandamizwe kwa mchanga au mifuko ya udongo. Mapazia mawili yanapokutana yapishane, yasigusane tu. Mlangoni weka mapazia mawili yenye nafasi ya mtu kusimama katikati: unafunga la nyuma kabla ya kufungua la mbele. Vitaa vya mashine vifunikwe kwa utepe mweusi wa umeme.

Angalizo la joto. Ukifunika mimea yote kwa plastiki nyeusi wakati jua bado linawaka, joto hupanda na unyevu hujikusanya. Joto kali la usiku huchelewesha krisanthemamu kama mwanga unavyofanya, na unyevu hukaribisha ukungu. Acha njia ya hewa iliyopinda, mfano wa kiwiko, ili hewa ipite na mwanga ugonge ukuta.

Je, taa nyekundu au kijani?

Wapo wanaoamini kwamba taa nyekundu haina madhara kwa sababu macho yetu huiona hafifu. Kwa mimea ya usiku mrefu ni kinyume: nyekundu ndiyo inayosukuma swichi ya fitokromu kwa nguvu zaidi. Mwanga wa kijani husumbua kidogo kuliko mwekundu, kwa hiyo mtu akilazimika kuingia usiku, tochi ndogo ya kijani iliyoelekezwa chini, kwa dakika chache, ni afadhali. Afadhali si sawa na salama.

Taa ya ulinzi usiizime, ielekeze

Hatuwashauri wasikilizaji wetu wazime taa inayowalinda dhidi ya wezi au fisi. Mahindi na soya hulimwa tena mwakani. Fanya hivi badala yake: igeuze taa itazame chini na mlangoni, ivike kofia ya bati upande wa shamba, ishushe chini kwenye nguzo, na tumia balbu yenye nguvu ndogo. Taa inayowaka mtu anapopita tu hupunguza muda wa mwanga, mradi isiwe inawashwa na kila mbuzi. Kama taa ni ya jirani au ya shule, nenda na maelezo haya. Kipande cha bati na misumari miwili mara nyingi humaliza mjadala.

Kuhusu bangi

Bangi nayo ni mmea wa usiku mrefu, na maelezo mengi yaliyopo mtandaoni kuhusu kuziba mwanga yaliandikwa na wanaoilima ndani ya nyumba katika nchi kama Kanada, ambako iliruhusiwa mwaka 2018. Huko hutumia giza la saa 12, na mwanga ukivuja, mmea jike unaweza kurudi kwenye majani au kutoa maua ya kiume na kujaa mbegu. Nchini Kenya na Tanzania sheria inakataza kuilima, na adhabu ni kali. Makala haya ni kwa mazao halali, na hayo yanatosha.

Kama mwanga umeshavuja

Usiongeze mbolea ya kukuzia. Mmea hauna njaa, na utazidisha majani tu. Ziba chanzo leo, kisha anza kuhesabu siku upya kuanzia usiku wa kwanza wenye giza kamili. Kwa krisanthemamu, mweleze mnunuzi mapema kwamba tarehe imesogea. Anayejua wiki tatu kabla anaweza kujipanga, lakini anayeambiwa siku ya kuchukua mzigo harudi. Kwa soya, vuna upande uliokauka kwanza na uuache upande wa taa ukomae, usichanganye punje mbichi na kavu ghalani.

Na msimu ujao, kabla ya kushika jembe, toka nje usiku mmoja usio na mwezi. Zunguka shamba bila tochi, tazama mwanga unakoanguka, na uchore mpaka wake kwa vijiti. Ndani ya vijiti panda nyanya, nje yake panda soya.